Injini Niliyoichora Kinyume

Mwanangu Nyanjura,

Nakusikia chumba cha pili unapiga pasi gauni la bluu, na shangazi yako anakuhimiza upulize majivu yasije yakadondokea kola. Ukuta wetu ni mwembamba, ningeweza kukuambia haya bila hata kuinuka kitini. Lakini nikisema kwa mdomo nitafoka, wewe utalia, na shangazi ataingilia kati na maombi. Basi naandika, wakati jua bado linaingia dirishani. Kesho alfajiri basi la Mwanza halitanisubiri nipoe.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kufunga mlango na ya vijana wa mjini wenye maneno matamu, shangazi yako ameyafundisha tangu juzi na kuyarudia. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na nina hasira nalo tangu mchana.

Tulikuwa tunakula. Shangazi akakuuliza huko Dar es Salaam, kwenye hiyo ofisi yenye mashine ya kompyuta, kazi yako hasa ni nini. Ukamweleza vizuri, nami nikajivuna kimoyomoyo. Mashine inakula kadi zenye matundu, kadi zikiwa na kosa inagoma, na ninyi wasichana mnafungua kitabu kinachowaonyesha namna ya kulitafuta hilo kosa liliko. Halafu ukasema kwamba kwenye mafunzo uliona mfano mmoja humo kitabuni umekosewa, mtu akiufuata anatupa kadi iliyo sawa na kubakiza ile mbovu. Ulimwonyesha msimamizi wenu, akakujibu kwamba ni kosa dogo, usiliguse, kitabu kimepitishwa na wakubwa. Shangazi akauliza, sasa utafanyaje? Ukacheka, ukamega tonge, ukasema, "Nitanyamaza tu, Shangazi. Sitaki kufukuzwa kama Mama."

Niliinuka nikaenda kusugua sufuria iliyokuwa imekwisha kusuguliwa.

Sasa sikiliza. Mimi sikufukuzwa kwa kukosea. Hapa mtaani Iringo watu wanasemaga hivyo, na wewe umekulia hapa hapa, kwa hiyo sikulaumu. Nilikosea, ndiyo, na kosa lenyewe lilikuwa la aibu. Lakini hakuna aliyenifukuza kwa ajili yake. Nilifukuzwa kwa kulirekebisha. Hayo ni mambo mawili na sitaki upande basi ukiwa umeyachanganya.

Nianze mbali kidogo, unisamehe. Kabla ya kujua taipu mimi nilijua kushona vitambaa. Wasichana wote wa misheni tulikuwaga tunashona, vitambaa vya meza, vya makochi, vya kufunikia bakuli, na sifa ya msichana ilikuwa maua yake. Ukiona ua zuri kwenye kitambaa cha mwenzako, unaomba mchoro, unaubandika kwenye kioo cha dirisha, unaweka karatasi yako juu, jua likipiga kwa nje unaufuatisha kwa penseli. Hakuna aliyejali karatasi imekaa kwa mbele au kwa nyuma. Ua likigeuzwa ni ua lile lile, jani lililokuwa huku linakwenda kule, basi. Nimefuatisha maua hivyo tangu nikiwa mdogo kuliko ulivyo leo, na mkono wangu ukazoea.

Uhuru ulipokuja wakatafuta makarani haraka haraka. Nikajifunza taipu, nikaajiriwa kwenye ofisi ya maji hapa Musoma. Baba yako alipofariki nilikuwa pale bado, na ile nyumba ya ofisi yenye vyumba viwili ndiyo iliyotusitiri. Unaikumbuka, ilikuwa na bomba la maji uani, na wewe ulikuwa ukilifungua makusudi.

Ukafika mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Vijiji vingine vikapata pampu, injini ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli, inavuta maji ziwani au kisimani na kuyapandisha kwenye tenki. Zilikuja na maelezo ya Kiingereza ambayo mwendesha pampu wa kijijini hawezi hata kuyashika kichwa na mkia. Mkuu wetu, tulimwita Bwana Mhandisi, akakaa chini mwenyewe akatunga kitabu cha Kiswahili: jinsi ya kutafuta ubovu. Injini haiwaki, angalia hiki. Inawaka na kuzima, angalia kile. Alikitunga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Maneno yake yote yalikuwa sahihi.

Mimi nilitaipu stensili, zile karatasi za nta za kudurufia, na picha pia nikapewa mimi, kwa kuwa nilijulikana kwa mkono wa kushona. Mchoro wa injini ulikuwa kwenye karatasi moja kubwa ambayo mafundi walikuwa wameishikashika kwa vidole vya grisi. Kwa mbele ilikuwa nyeusi tii, kwa nyuma safi, na ukiiweka kwenye kioo mistari inaonekana vizuri zaidi kwa nyuma. Nikaibandika dirishani kama nilivyobandika maua maisha yangu yote, nikaweka stensili juu, nikafuatisha kwa kalamu ya chuma. Herufi za mafundi zilionekana zimegeuka. Unajua nilifanya nini? Nilizirekebisha herufi. Nikaziandika upya, nzuri, zimesimama, nikaiacha injini nzima imegeuka. Mpaka leo nikikumbuka najicheka, na si kicheko kizuri.

Bwana Mhandisi akaitazama akasema, "Safi sana, Ndugu Raheli." Tukazungusha mashine ya kudurufu, tukabana vitabu kwa pini, vikaenda Bunda, vikaenda Murangi, vikaenda Butiama na kwingineko. Nilijisikia mtu.

Muda si mrefu nikaenda Murangi kwenye msiba wa mama mdogo. Tulipomaliza kuzika, nikasikia wanawake wanasema pampu imegoma tena. Nikasema ngoja niende nikaone kitabu changu kikifanya kazi. Ulikuwa ushamba wa karani tu, kutaka kuona taipu yake ikisomwa.

Mwendesha pampu alikuwa Mzee Masatu. Ulikuja kumjua baadaye, alikuletea samaki wa ningu mbichi amefunga kwa jani la mgomba. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Maneno aliyasoma kwa shida, lakini picha aliijua kila mstari. Alinawa mikono kabla ya kushika kitabu, akakifungua, akaweka kidole kwenye picha, akaweka kidole kingine kwenye injini. Mafuta yalikuwa ya kuvizia siku hizo, tenki la dizeli likikauka hewa inaingia kwenye bomba, na kitabu kinasema ulegeze skrubu ya kutolea hewa mpaka povu liishe. Skrubu hiyo iko upande wa kulia. Upande wa kushoto, karibu mahali pale pale, kuna nati ya kumwagia oili.

Mzee Masatu akashika spana akaenda kushoto. Ikatoka oili nyeusi. Akaikinga kwenye kopo, akaona haina povu, akafunga, akaridhika. Halafu vijana wakazungusha hendeli kwa zamu, wakazungusha, jasho likawatoka, mpaka hewa ikajitoa yenyewe na injini ikawaka. Kila hewa ilipoingia alifanya hivyo hivyo. Nikamwuliza, Baba, hiyo oili unaifanyia nini? Akanijibu kwa Kijita, kwa furaha kabisa, kwamba injini ile ni nzuri, kila ikigoma inatoa oili kidogo, naye anapaka magurudumu ya mkokoteni wake.

Niliangalia injini, nikaangalia picha, nikaangalia injini. Nikamwambia, Baba, picha hii imekosewa, nimeichora mimi, iko kinyume. Unadhani alinishukuru? Alikifunga kitabu akakiweka kwapani.

"Binti," akasema, "kitabu hiki kimetoka serikalini kina muhuri. Wewe umetoka matangani. Mimi nitakuamini wewe?"

Nilimwelewa. Angeamini kila mpita njia aliyekuja na maneno yake, injini ile isingekaa hata wiki. Nikaona kwamba maneno ya mdomo hayatafaa kitu. Ilipaswa marekebisho yaje kwa njia ile ile iliyoleta kosa.

Nilirudi Musoma nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mhandisi, nikamwekea kitabu mezani, nikasema, nimekosea. Sikuzungukazunguka. Alitazama, akaona, akashika paji la uso. Halafu akaenda kufunga mlango. Nikajua hapa hakuna jema.

"Maneno ni sahihi," akasema. "Picha ni pambo tu. Mwenye kusoma hatakosea."

"Mzee anayesoma kwa shida anafuata picha."

"Asiyejua kusoma hakupaswa kupewa pampu. Ndugu Raheli, kuna mgeni anakuja kutoka Dar es Salaam kuzindua pampu ya Butiama. Atakabidhiwa kitabu hiki mbele ya watu. Unataka nimpe kitabu cha kutafuta ubovu, na chenyewe ni kibovu? Ngoja sherehe ipite, tutaona."

Hakuwa mtu mbaya, Nyanjura. Ulipougua surua alinipa gari la ofisi likupeleke hospitali. Alikuwa mwoga tu, naye alikuwa na wakubwa wake. Na mimi nilikuwa mwoga, kwa sababu nilikuwa na wewe na nyumba si yangu. Nikanyamaza. Hapo ndipo palipo na kosa ninalolijutia, wala si dirishani. La dirishani lilifanywa na mkono. Hili nililifanya nikiwa macho, nikitaipu barua nyingine, nikinywa chai ya ofisi, huku najua kila tone la oili linalomwagika kule vijijini linatokana na mimi.

Nilinyamaza mpaka injini moja nje ya Bunda ikafa. Iliganda, hendeli haikuzunguka hata kwa watu wawili. Kijiji kile kiko mbali na ziwa, walikuwa wamevunja nyumba zao kwa ahadi ya maji, na sasa wanawake wakarudi kuchota kwenye lambo pamoja na ng'ombe.

Taarifa yake nililetewa mimi niitaipu. Iliandikwa kwa mkono wa Bwana Mhandisi. Ilisema wananchi hawatunzi mali ya umma. Ilisema mwendesha pampu alimwaga oili kwa uzembe, na kwamba pampu ing'olewe ipelekwe kwa watu wanaojua thamani yake. Mwisho ikasema Murangi nao injini yao imeanza kugonga, waonywe, na wasipojirekebisha yao pia ing'olewe.

Niliweka karatasi kwenye mashine. Nikataipu tarehe. Nikataipu kichwa cha habari. Nilipofika kwenye neno uzembe vidole vikakataa, na nasema kweli, havikukataa kwa ushujaa, vilikataa kwa hasira. Mzee aliyenawa mikono kabla ya kushika kitabu changu anaitwa mzembe, na mimi ndiye nimtaipie. Nikachomoa karatasi, nikaikunja, nikaenda kuiweka mezani kwa Bwana Mhandisi. Nikamwambia hii sitaipu. Akasema basi atataipu mwingine. Nikasema na ataipu huyo mwingine.

Jumamosi ofisi ilifungwa adhuhuri. Mimi nilibaki. Nikakata stensili mpya, safari hii karatasi nikaigeuza mara tatu kabla ya kuanza. Juu nikaandika MAREKEBISHO. Chini ya picha nikaandika kwamba picha ya kwanza ilikosewa, waliomwaga oili walifuata kitabu na hawana kosa, na aliyekosea ni mchoraji. Nikaweka jina langu lote. Nikazungusha mashine mpaka wino ukanipanda viwikoni. Halafu nikafungua kabati, nikatoa muhuri wa ofisi, nikapiga karatasi moja moja. Huo muhuri sikuruhusiwa kuupiga. Niliupiga kwa sababu Mzee Masatu aliutaka, na ningeupiga tena leo.

Jumapili tukapanda basi la Bunda. Hapo ndipo kumbukumbu yako inapoanzia, najua, kwa sababu umewahi kunitupia usoni. Ulikuwa na homa. Tulifika kwa shangazi yako, kule Nyasura, ukiwa unachemka, nikakulaza kwenye kitanda chake, ukanishika kanga ukasema usiondoke. Nikakubandua vidole, nikaondoka. Ulilia, nilikusikia mpaka barabarani. Nilitembea vijiji vile siku kadhaa na kopo la gundi ya unga na furushi la karatasi, nabandika picha mpya juu ya ile mbovu, na kila nilipobandika nilikuwa nakusikia. Ungekufa homa ile, mwanangu, nisingekuwa na jibu la kumpa mtu yeyote. Kwa hilo nakuomba radhi, leo na siku zote. Kwa mengine yote siombi.

Nilikwenda mpaka kule injini ilikokufa. Nilisimama mbele ya wanawake waliotoka lamboni na ndoo za tope, nikawasomea ule mstari wa chini ya picha, wenye jina langu. Mmoja akanisonya. Mwingine akaniuliza, sasa karatasi hiyo itawaka? Mwendesha pampu wao, kijana mwembamba, alikuja akaomba abaki na karatasi moja. Alisema anataka kumwonyesha baba mkwe wake.

Butiama nilibandika kwenye kitabu kilichokuwa kimewekwa tayari juu ya meza yenye kitambaa, kikimsubiri mgeni. Mlinzi aliniuliza ninafanya nini, nikamwonyesha muhuri.

Murangi nilifika mwisho. Mzee Masatu alitazama karatasi mpya, akatazama muhuri, akaulinganisha na ule wa zamani. Akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Na hii nayo ikiwa imekosewa?"

"Usiniamini mimi, Baba," nikamwambia, "wala usiamini muhuri. Legeza ya kulia uone kama kuna povu."

Akalegeza. Povu likatoka, jeupe, linachemka kama uji jikoni, halafu likaisha, ikatoka dizeli tupu. Akairudishia injini oili yote ya kwenye kopo, ile iliyokuwa haijaenda kwenye mkokoteni. Kijana akazungusha hendeli mara moja. Injini ikawaka. Mzee Masatu akakaa juu ya jiwe akashika kichwa, na nikaona kwamba anahesabu moyoni makopo yote aliyoyamwaga. Nikakaa naye. Nikamwambia ni mimi. Akasema, ni wewe, ndiyo, lakini mkono ulioshika spana ni wangu.

Siku ya sherehe mgeni alipewa kitabu, akakifungua katikati, na kikafunguka pale pale kwenye karatasi iliyobandikwa kwa sababu gundi ilikuwa imekauka na kukakamaa. Akasoma kwa sauti, mbele ya kipaza sauti. Wananiambia alicheka akasema ni vizuri, akaendelea na hotuba. Lakini Bwana Mhandisi hakucheka. Jumatatu iliyofuata aliniita. Mezani alikuwa na barua iliyotaipiwa na mwenzangu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kutumia muhuri wa ofisi bila idhini. Picha haikutajwa hata kwa neno moja, kwa kuwa wangeitaja wangekiri kwamba ilikuwepo.

Nilipokuwa nasimama kuondoka akasema, "Na hata haya marekebisho yako yana kosa." Nilidhani ananikomoa. Akanigeuzia karatasi. "Umesema walegeze. Hujasema wakaze tena."

Alikuwa sahihi. Nikaisoma na kuisoma. Nilikuwa nimehangaika na picha, maneno nikayaandika kichwa kichwa. Watu wangeacha skrubu imelegea na dizeli ya kuvizia ingedondoka chini usiku na mchana.

Ungefanyaje, Nyanjura? Nimefukuzwa, nyumba natakiwa kuiacha, muhuri umefungiwa kabatini, na karatasi zangu ziko vijijini zinapoteza mafuta ya watu. Ningeweza kusema sasa si kazi yangu. Nilimwambia Bwana Mhandisi asante, na nilimaanisha, nikaenda kununua penseli. Nikazunguka tena kote, safari hii bila muhuri, bila cheo, mwanamke tu na penseli, naandika chini ya kila picha: KAZA TENA. Niliogopa watanifukuza. Hawakunifukuza. Kwa Mzee Masatu nilikuta amekwisha kuandika mwenyewe, kwa herufi zake kubwa za kisomo zilizopanda na kushuka. Aliona dizeli inadondoka, akakaza, akaona mwingine atakayekuja anapaswa kujua. Sikuwahi kuona mwandiko mzuri kama ule.

Pampu ya Murangi haikung'olewa. Ya kule nje ya Bunda iling'olewa, na tenki lao liko pale tupu, mbuzi wanajikinga jua chini yake. Nikipita naliona. Baadaye ofisi ikatoa kitabu upya, picha iko sawasawa, na jina langu hakuna. Mimi nikahamia hapa Iringo, nikakodi chumba, nikakopa cherehani, nikashona sare za shule, na sare hizo ndizo zilizokusomesha mpaka mashine ya kadi. Ndiyo, tulilala mimi na wewe na cherehani chumba kimoja. Ndiyo, ulivaa viatu vya kaka wa jirani. Usinionee huruma kwa hayo. Kila asubuhi nilipokaa kwenye ile cherehani nilikuwa mtu asiyemwogopa yeyote, na watu wa aina hiyo mjini hapa hawakuwa wengi.

Kwa hiyo sikuambii ufanye nini huko. Sijui hiyo mashine yako, sijui huyo msimamizi, labda ana woga wake kama yule wangu, labda ana sababu. Labda wewe ndiye uliyekosea kuusoma huo mfano, jaribu kwanza kwa kadi zenyewe, uone nini kinatoka. Na kama ukiona kwamba ni kweli na bado ukataka kunyamaza, nyamaza. Nimewahi kunyamaza, najua inavyokuwa. Unakula, unalala, unapokea mshahara. Lakini sema unanyamaza kwa sababu yako. Usiseme ni kwa sababu ya yaliyompata Mama. Jina langu nililiandika mwenyewe chini ya picha ile, na sitaki liwe kisingizio mdomoni mwa mwanangu.

Sasa nimefoka hata kwenye karatasi. Shangazi yako ananiita, anasema chai inapoa.

Jambo dogo la mwisho. Kile kitambaa cha juu ya redio, kile ulichokuwa ukikificha wageni wakija, ukiniuliza, Mama, kwa nini wenzako wanashona maua na wewe umeshona dude? Dude lile ni injini. Nilikishona mwaka ule ule, nikiwa sina kazi, mistari yote iko mahali pake, na ule uzi mwekundu unaodhani niliukosea unaonyesha skrubu ya kulia. Nimekitoa kwenye redio, nimekifua, nimekiweka kwenye sanduku lako juu ya nguo zote. Kama ujuavyo, kitambaa cha kushona kina mbele na nyuma, na kwa nyuma kila kitu kiko kinyume, kama nilivyochora siku ile dirishani. Nimekitandaza kwa makusudi upande huo ukiwa juu. Ukifungua sanduku Dar es Salaam, kosa langu ndilo utakalokutana nalo kwanza.

Ligeuze.

Mama yako,
Raheli